Kiazi Chenye Tundu

Mama alikuwa ameshaalika akina mama wa kanisa waje kushukuru, na mimi sijahojiwa bado! Wengine walishuka kutoka Mwanda, kule milimani, alfajiri. Nikamuuliza, "Mama, mnashukuru nini?" Akanijibu kwamba Mungu hangojwi. Stima ya Voi ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Nilijifungia chumbani na kompyuta yenye chaji kidogo na intaneti ya simu, nitetee tasnifu yangu ya uzamifu mbele ya maprofesa kwenye skrini.

Nilianza vizuri. Nilichunguza maji yanayotiririka kwenye ubapa, yasiyo na kina, yenye doa moja, yaani sehemu ambayo maji yake yanazunguka. Doa likikaa vilevile bila kugeuka wala kubadili umbo, nilidai, lazima liwe mviringo kamili. Hata umbo zima likijigeuza kinyume na mzunguko wa maji yake, ni mviringo tu.

Mzee mmoja wa jopo akakohoa. "Na doa likiwa na tundu katikati?"

Woi! Sisi watu wa hesabu, tukitaka umbo lolote lile, tunachora kiazi. Miaka yote nimechora viazi, na kiazi hakina tundu! Dai langu lilisema "umbo lolote". Likianguka hilo, tasnifu nzima imeanguka, na sebuleni wameshaanza kuimba kwa Kidawida, lugha yetu.

"Nyamazeni huko!" nikafoka, maikrofoni ikiwa wazi. Wimbo ukakatika sebuleni, na kwenye skrini maprofesa wote wakainua macho. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikakodolea macho milinganyo yangu, betri nayo imeshakuwa nyekundu. Nilikuwa nimelazimisha kipimo nilichotumia katika uthibitisho kiwe sifuri kwenye kila ukingo, wa nje na wa tundu pia. Lakini nani aliniamuru? Ukingo wa tundu upewe thamani yake, ichaguliwe kulingana na eneo la tundu lenyewe, na hesabu inakubali. Nikaeleza huku nikiandika papo hapo. Doa lenye tundu nalo lazima liwe sawa pande zote, kama ngata ya kubebea maji kichwani.

"Hilo halimo kwenye tasnifu," mzee akasema.

"Halimo, Profesa. Nimelipata sasa hivi."

Akavaa miwani, akasogelea skrini, akasoma tena nilichoandika.

"Basi liandike, daktari."

Nililia mbele yao wote, bila haya.