Ulimi Usiojua Pombe

Jirani yangu wa Muyinga, mama mmoja, alikuwa mpishi wa pombe ya ndizi, na mimi, Mwislamu ambaye sijaionja pombe maishani, ndiye niliyekuwa mwonjaji wake. Msicheke. Kabla ya kutiwa unga wa mtama, maji ya ndizi ni matamu tu, hayalevyi; wenyewe huyaita mutobe. Alikuwa akiniletea kibuyu mlangoni, akisema ndimi za wanywaji wote zilikwisha kufa, umebaki wangu. Nami sikumwonea haya: mara moshi umezidi, mara maji yana tope. Nilikuwa na mdomo mkali, naye aliupenda.

Nilifika kwake nikikimbia vita kutoka Gitega, na kichwa cha cherehani mgongoni kama mtoto. Siku iliposemekana waporaji wanakuja, yeye ndiye aliyekizika katika shimo lake la kuivishia ndizi, akakifunika kwa majani ya mgomba, tukakimbilia Giteranyi kwa dada yake. Tuliporudi, chumba changu kilikuwa kitupu, lakini cherehani ilikuwa salama. Nilimkumbatia hadi akalalamikia mbavu zake.

Baadaye akajaza ndizi shimo lilelile. Binti yake alikuwa anaposwa, wakwe wangefika Jumamosi, na kwao posa isiyo na pombe nzuri ni tusi. Jumatano akaniletea kibuyu.

Nilimeza funda moja. Nyuma ya utamu palikuwa na ladha ninayoijua kuliko chumvi, kwa sababu nakata uzi kwa meno kila siku. Yalikuwa mafuta ya cherehani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Mimi nilikuwa nimemwachia mwenyeji wangu mafuta shimoni. Niliona aibu, na kusema kweli nilitaka kunyamaza. Pombe ikichacha, nani angejua? Lakini alikuwa ananitazama kwa imani kabisa, na imani ile ilinishinda.

"Mama, iko mafuta mu hii mutobe," nikasema. "Ya mashini yangu. Mi ndiye nimekuharibia."

Akaonja, akatema. "Ego, ni kweli. We ulileta, mi nikazika. Tuko wawili."

Akamwaga mtungi mzima kwenye migomba, kisha akakaa chini akalia, nami nikalia naye.

Jumamosi asubuhi majirani walituletea ndizi mbivu walizokuwa wamening'iniza juu ya meko yao. Tulizikamua kwa nyasi, mikono yangu ikiwa ndani hadi viwiko. Muda wa kuchachusha haukuwepo, ikabaki mutobe tu. Wakwe walipoketi, jirani yangu aliwaeleza yote, mafuta na cherehani, bila kuficha. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba wa kijana akacheka mpaka akashika tumbo. "Basi," akasema, "leo tunakunywa sawa Waswahili." Ndivyo wanavyotuita sisi Waislamu.

Mtungi ukawekwa katikati, mirija ikatiwa. Miaka yote ile, kwenye sherehe zao, nilikaa kando ya mtungi nikiwa na kikombe changu cha chai. Siku hiyo jirani yangu aliongeza mrija mmoja, akanivuta mkono, akawaomba wakwe wasubiri.

"Mwonjaji kwanza," akasema.

Wakwe, majirani, binti mwenyewe, wote wakanitazama. Nikavuta, nikazungusha mdomoni, nikatafuta kasoro kwa mazoea.

"Iko safi," nikasema, na posa ikaanza.