Nitukane, Bwana Mirumbe

Wenye maduka wa Homa Bay walikuwa watu wa kujivuna, lakini biashara ikiwaendea kombo walipanda basi kimyakimya hadi Migori kumuuliza Phelesia, mwenye hoteli ya pale stendi. Naye ushauri wa bure hakuwa nao. Kwanza uagize samaki. Ule, unyonye mifupa, unawe mikono. Halafu anakutazama, anajifuta jasho kwa leso, anakupa ubeti mmoja, basi. Ukiomba akufafanulie, anakuuliza kama unataka sahani ya pili.

Wengi walidhani alizaliwa na akili hiyo. Wapi! Nyingine aliipata kwa kujichoma mwenyewe, tena mbele ya stendi nzima.

Phelesia alizaliwa Kisegi, akaolewa Homa Bay na Nashon, mchimbaji wa kule Macalder, mwanamume mwembamba mwenye maneno mengi. Kwenye sherehe, kinubi cha nyatiti kikilia, Nashon alikuwa fundi wa pakruok: anamsimamisha mpigaji, anamtupia senti, kisha anajisifu kwa maneno ya kukata na shoka mpaka mpigaji anasahau wimbo ulikuwa umefika wapi. Phelesia alikaa pembeni akicheka, na ulimi ukamwambukiza. Halafu homa ikamchukua Nashon kabla hawajajaliwa mtoto. Mkewe akabaki na sufuria mbili na maneno ya marehemu.

Ndipo akaja Nicanor, kaka yake Nashon, aliyekuwa na wake wawili na tumbo la kumtosha wa tatu. Desturi ilimpa haki ya kumrithi mjane. Hakuwa mtu mbaya, Nicanor. Alikuwa mzito tu, wa kulala mchana na kuitisha maji akiwa amelala hapohapo. Phelesia aliwaza maisha ya kumpelekea maji mtu yule, moyo ukamkataa kabisa. Akasimama mbele ya wazee wa ukoo.

"Baba zangu, niacheni nijaribu hoteli kule Migori. Siku moto wangu ukizimika, nitarudi, na Nicanor anirithi bila neno."

Wazee walicheka, wakakubali. Moto wa mwanamke peke yake, tena ugenini, ungewaka mpaka lini? Nicanor akapewa kazi ya kwenda kuukagua. Kila mwisho wa mwezi alishuka kwenye basi, akaingia jikoni bila hodi, akaweka kiganja juu ya mafiga. Mafiga yakiwa moto, anaguna, anakula samaki wa bure, anarudi kwao. Phelesia, kwa uchungu wa samaki wake, alimhesabia hata miiba.

Na moto ukawaka, yawa! Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru, na mabasi ya Kisumu yalisimama pale stendi kabla ya kuendelea mpakani. Phelesia alitoka nje na mwiko mkononi:

*Shuka, mwana wa safari,*
*chai yangu ni tayari;*
*dereva hana habari,*
*na mimi sina kiburi.*

Dereva kweli hakuwa na habari, kwa sababu alikuwa ndani akila mnofu mkubwa bila kulipa. Hiyo ndiyo elimu ya kwanza ambayo wenye maduka waliinunua baadaye kwa bei ya sahani moja:

*Mpe dereva minofu,*
*wengine wape harufu.*

Dereva huyo huyo ndiye aliyemletea ngege wabichi, samaki wa ziwani, kutoka Homa Bay, kikapu kikiwa chini ya kiti chake. Na abiria akiingia, Phelesia hakusifu chakula hata kidogo. Alimsifu mlaji: koti lako hilo, mzee, hata mkuu wa wilaya hana! Mama, mtoto wako ana macho ya hakimu! Mtu akishasifiwa hivyo mbele ya wageni, ataagizaje chai kavu?

*Chai usiisifie,*
*haina mfuko chai;*
*mnywaji umsifie,*
*ndiye anayejidai.*

Basi akavimba kichwa. Mtu akifanikiwa kwa mdomo huanza kuamini kwamba mdomo haukosei.

Siku moja ng'ambo ya barabara akafungua hoteli Mkuria mmoja kutoka Kehancha, jina lake Mirumbe. Mtu mrefu, mkimya, salamu yake ni kuinua nyusi. Kule kwao alikuwa na ng'ombe, na maziwa yalimfikia kila asubuhi kwa baiskeli. Hakuita mtu. Alisimama mlangoni mikono nyuma, akingoja.

Angemwacha hivyohivyo, Mirumbe angengoja mpaka leo. Lakini Phelesia angenyamazaje? Asubuhi ya siku ya soko, stendi imejaa hadi pomoni, alipanda juu ya kreti akaelekeza mwiko ng'ambo:

*Chai hiyo ya Mirumbe*
*maziwa yameizidi;*
*ukiinywa, hata ng'ombe*
*atakwita: "Ndama, rudi!"*

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Phelesia akashuka akijipongeza, akaingia ndani kumimina chai. Akamimina kikombe, akamimina kingine. Alipoona hakuna anayeingia akachungulia nje.

Stendi yote ilikuwa kwa Mirumbe. Wamejipanga mlangoni, vikombe vinapita juu ya vichwa. "Hebu na mimi niwe ndama!" alipaza sauti mzee mmoja, na wenzake wakalia "Mbuu!" kabla ya kunywa. Ile chai ilikuwa nzito, tamu, ya maziwa matupu, na ya Phelesia, tuseme ukweli, maziwa ilikuwa ikiyaona kwa mbali.

Alidhani ni mzaha wa siku moja. Haukuwa. Kila basi lilipofika, abiria waliuliza, "Ile chai ya ndama iko wapi?" wakavuka. Dereva aliendelea kula mnofu wake, akila peke yake na aibu kidogo. Phelesia akatunga beti nyingine kali zaidi, na kila ubeti ulimpelekea Mirumbe watu wengine. Mwishowe akaacha jiko moja tu likiwaka kwa kuni mbili, na samaki wakaanza kubaki.

Katikati ya juma kondakta akamletea ujumbe. "Mama, shemeji yako anakuja Ijumaa. Amesikia habari. Anasema uanze kufunga vyombo."

Phelesia alikaa kwenye kreti lake. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Alimwona Nicanor amelala chini ya kivuli akiitisha maji, leo, kesho, mpaka uzee. Akajitukana kwa mdomo wake, akaulaani. Kisha, akiwa katikati ya kuulaani, akainuka. Akatazama ng'ambo, kwenye ule umati wa ndama.

Kumbe ndivyo!

*Ukimtusi jirani,*
*umempigia ngoma;*
*wageni wako njiani*
*wote kwake watakoma.*

Alijifunga leso kiunoni akavuka barabara, mara yake ya kwanza. Mirumbe alipomwona akimjia, alirudi nyuma hatua moja.

"Bwana Mirumbe, nimekuja kukuomba kitu."

"Sema, Mama."

"Nitukane."

Nyusi za Mirumbe zilipanda zikakaa hukohuko. "Nikutukane?"

"Mbele ya watu. Ijumaa, basi la Kisumu likifika. Mimi nimekutukana wewe mpaka umekosa mahali pa kuweka wateja. Sasa ni zamu yako. Moto wangu ukizimika, nitarithiwa na mtu ninayempenda kwa mbali tu, tena akiwa anaondoka."

"Nilitaka kukuletea maziwa siku nyingi, kusema asante," akasema. "Nikaogopa utanitungia tusi jingine."

"Leta hayo maziwa. Na matusi pia."

"Mimi sijui kutunga."

"Utajua," akasema Phelesia, lakini alirudi kwake akiwa na mashaka matupu.

Ijumaa aliwasha majiko yote, akakaanga ngege wote waliokuwapo, akamimina maziwa aliyoletewa na Mirumbe kwenye sufuria kubwa. Asipopata watu siku hiyo, ndiyo mwisho. Basi likafika. Nicanor akashuka wa kwanza, polepole, na kamba ya kufungia mizigo begani. Abiria wakaanza kuelekea kwa Mirumbe kama kawaida yao.

Mirumbe alikuwa amesimama mlangoni pake juu ya kigoda, akitoka jasho. Aliinua mkono, na kwa vile hakuna aliyewahi kumsikia akisema kwa sauti, watu wote walisimama.

*Samaki wa Phelesia*
*kwa pilipili ni mbaya;*
*nilimla, nikalia,*

Akakwama. Akatazama juu, akatazama viatu vyake. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayeungama: "Nikaomba mwingine. Kondakta ndiye huniletea. Kila Jumatano."

Kicheko kilichopasuka pale kiliwatoa kuku barabarani. Phelesia mwenyewe alishika nguzo, hakujua acheke au alie. Kila Jumatano! "Kama mwenye chai mwenyewe analizwa na samaki huyu," mtu alisema, "sisi tunangoja nini?" Wakageuka, wote, wakavuka barabara kwa kusukumana.

Nicanor aliingia akakuta hakuna pa kuweka hata kiwiko. "Shemeji," akaita, "nimekuja kwa lile neno letu."

"Karibu sana, shemeji. Viti hamna. Shika hizi sahani, peleka kwa yule mama wa kitambaa chekundu. Haraka, zinapoa!"

Na Nicanor, ambaye kwake hakuwahi kubeba hata kata ya maji, alibeba. Akapeleka, akarudi, akapewa nyingine. Watu walimwita "Bwana Weita" wakamsifu tumbo lake, na yeye, ajabu, akaanza kutabasamu. Hata hivyo wajibu ni wajibu. Alipopata nafasi aliingia jikoni, akainama, akaweka kiganja juu ya mafiga kama alivyozoea.

"Uuwi!"

Phelesia alimpaka asali, akamfunga kiganja kwa kipande cha leso, akamkalisha na kumpa samaki mkubwa kuliko wote. Safari hii miiba hakuihesabu. Akamfungia na wengine wa njiani.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, Phelesia na Mirumbe walitukanana kila siku ya soko, na hoteli zote mbili zilijaa. Mirumbe hakuwahi kujua kumaliza ubeti.

Lakini usiku ule wa Ijumaa kule Homa Bay, wazee walikuwa wamekaa wakimngoja Nicanor na mjane wake. Akaja peke yake, kamba ikiwa bado begani.

"Enhe," wakasema. "Ule moto?"

Nicanor aliinua kiganja kilichofungwa leso, akakizungusha ili kila mzee akione vizuri. Kisha akafungua furushi, akawagawia samaki, nao wakala mpaka mifupa, na habari ya kumrithi Phelesia haikuzungumzwa tena.