Hema Nyuma ya Kichuguu

Saa tisa na dakika arobaini na saba alasiri nilipanda kichuguu, nikainua simu juu kutafuta mtandao, nikamwandikia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ujumbe wa maneno manane: “Tumefika. Tuko ku mchanga, nyuma ya kichuguu kikubwa.” Mke wangu nilikuwa nimemwambia ninakwenda kujisaidia.

Ningeweza kuishia hapo, maana kosa lote ni hilo. Lakini mimi ni fundi wa mizani. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Niliisoma katika vitabu vikuukuu vya reli alivyoviacha baba, na tangu hapo sipendi kutaja uzito bila kuonyesha jiwe nililopimia.

Tunakaa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, katika mtaa uitwao komini ya Kenya, nyumba ya vyumba vitatu. Mke wangu anauza samaki wakavu sokoni. Wateja wa mizani wanaanza kugonga mlango saa kumi na mbili asubuhi, wateja wa samaki wanamaliza saa nne usiku, na katikati wanagonga ndugu, ambao hawana saa. Mwaka huu mke wangu aliniambia kwamba katika miaka ishirini na miwili ya ndoa hatujapata kulala usiku hata mmoja sisi wawili tu, bila mtu nyuma ya ukuta. Nikaona anatia chumvi. Nilichukua karatasi ili nimpinge kwa ushahidi, nikarudi nyuma mwaka baada ya mwaka hadi usiku wa harusi, tulipolala kwa kaka yangu huku shangazi wawili wakiwa sebuleni. Sikupata usiku hata mmoja. Karatasi ile niliwashia mkaa.

Muda si mrefu mke wangu alileta hema. Lilitoka Golf, mtaa wa majumba yenye bustani na walinzi. Mteja wake wa huko, mama mwenye vyumba saba vya kulala, alikuwa anahama, akalibadilisha kwa gunia la samaki. Nilimwuliza mke wangu kwa nini mtu mwenye vitanda saba anunue kitambaa ili akalale chini. Alijibu kwamba huenda chini hakuna mtu aliyekuwa akimfuata.

Maelekezo yalikuwa picha tupu: mwanamume na mwanamke wasio na pua, wanasimamisha hema huku wakitabasamu. Nilijizoeza mwezi mzima katika lupangu, yaani uwanja wa nyumba yetu. Siku ya kwanza majirani walileta viti. Kwetu turubai likisimama uwanjani ni kilio, na mama mmoja wa nyumba ya pili aliingia tayari analia, kisha akauliza ni nani aliyekufa. Nilimwonyesha ile picha na kumweleza kwamba tunajiandaa kwenda kulala nje kwa hiari yetu. Alizidi kunipa pole.

Mpango wa mke wangu ulikuwa huu. Mara mbili kwa mwaka huenda Pweto, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Mweru, kununua samaki. Mama yake anakaa huko, na ukoo mzima. Safari hii tungekwenda pamoja, lori litushushe kwenye mchanga kilomita tatu kabla ya mji, tulale usiku mmoja pale, kesho yake tuingie mjini kama watu waliofika asubuhi. Mimi nilipendekeza nyumba ya wageni: kitanda, chandarua, ndoo ya maji ya moto, faranga elfu arobaini. Alinikumbusha kwamba mwenye nyumba hiyo ni binamu yake, na kwamba kabla sijazungusha ufunguo mama yake angekuwa ameshajua.

“Nataka usiku moja tu,” alisema. “Mimi na weye. Bila muntu wa kugonga. Tente haina mulango.”

Nilikwenda kukunja hema. Tulisafiri siku mbili juu ya lori la wachuuzi, tumekalia magunia matupu na mifuko ya saruji, na tulipofika nilikuwa na maumivu katika mifupa ambayo sikujua kama ninayo. Hema nilisimamisha mimi. Vigingi vilivyokuwa vimeshika vizuri katika udongo mwekundu wa Kenya vilitoka mchangani kimoja kimoja, bila haraka, kila nilipogeuka. Mwishowe nilijaza mchanga katika magunia ya samaki, nikafungia kamba huko. Nilikuwa nimebeba pima-maji, nikapima mahali pa kulala: upande wa vichwa ulikuwa chini kwa vidole vitatu. Ndani kulikuwa na joto la tanuri na harufu ya ghala, nikaelewa kwa nini wale wa kwenye picha walinyimwa pua. Liliandikwa ni la watu wawili. Nadhani walimaanisha mmoja baada ya mwingine.

Hapo ndipo nilipopanda kichuguu. Nilijiambia kwamba ni heshima: mkwe hapiti katika nchi ya wakwe zake kimyakimya kama mwizi wa kuku, na wakija kusikia kwa wengine wataumia. Huo ulikuwa uzito wa halali, uliokuwa juu ya sahani. Lakini fundi wa mizani anajua mahali ambapo muuzaji huweka kidole. Shemeji yangu ana kitanda cha wageni chenye godoro la sponji.

Niliporudi, mke wangu alikuwa amevua kitambaa cha kichwa, amekaa ukingoni mwa ziwa, miguu ndani ya maji. Alinionyesha mahali pa kukaa. Akanieleza kwamba alipokuwa mtoto, wageni wakijaa nyumbani kwao, alikuwa akitoroka kuja kwenye mchanga huu huu na kukaa peke yake hadi atafutwe. Alikuwa amejiahidi kwamba akipata mume atamleta hapa, na watu hawatajua. Alisema imemchukua muda kidogo. Akacheka. Nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa barabarani, likisubiri pikipiki.

Pikipiki zilifika saa kumi na moja kamili. Tulikuwa tumepata dakika sabini na tatu, na zile za kwanza nilikuwa bado juu ya kichuguu.

Walikuja tisa, wengine kwa pikipiki mbili, wengine kwa miguu, na jogoo, sufuria, na viti viwili vya plastiki. Mama mkwe wangu hakusogea karibu. Kwa desturi yetu yeye na mimi hatutazamani usoni wala hatulali chini ya paa moja, kwa hiyo alisimama upande wa pili wa kichuguu, ametugeuzia mgongo, na maneno yake yalibebwa na shemeji, ingawa wote tulikuwa tumeyasikia.

“Muulize mukwe, tulimukosea nini? Mutoto yangu analala inje sawa bantu ba kukimbia vita?”

Swali halikuwa la mzaha. Katika mji huo wapo waliowahi kulala chini ya turubai, na hakuna aliyesema ni mapumziko. Nilimwomba shemeji aeleze kwamba tumekuja kupumzika kidogo.

“Anasema banapumuzika,” shemeji alipaza sauti.

Kichuguu kilijibu papo hapo: “Muulize alichoka na nini.”

Wote tisa walicheka. Mke wangu hakucheka. Alimwuliza kaka yake, taratibu kabisa, ni nani aliyewaambia. Shemeji, akiwa na furaha ya mtu aliyepewa heshima, alitoa simu akasoma ujumbe wangu kwa sauti, maneno yote manane. Mke wangu alitazama kichuguu, halafu akanitazama mimi.

“Njo maana ulikawia kule,” alisema.

Mama mkwe alikata shauri kutoka alipokuwa: binti yake atalala nyumbani. Kuhusu mimi hapakuwa na tatizo, shemeji alisema. Nitakwenda kwake, kitanda kipo. Godoro la sponji lilikuwa kilomita tatu tu kutoka pale. Nilikuwa nimeshainama kuchukua mfuko wangu.

“Hapana,” alisema mke wangu. “Mumuache. Anapenda tente yake. Alijifunza kuisimamisha mwezi muzima, baulizeni banjirani yetu.”

“Ni kweli, shemeki?” shemeji aliniuliza.

Mbele ya wakwe tisa na kichuguu kimoja, mwanamume afanye nini? Nilisema ni kweli.

Waliniachia kiti kimoja na sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki. Mke wangu alifunga kitambaa chake upya, akapanda pikipiki nyuma ya kaka yake, hakugeuka.

Usiku ule hakuna aliyegonga, wala aliyekohoa nyuma ya ukuta, wala aliyeita jina langu akitaka mizani yake. Nililala kwa muda wa saa tisa mfululizo, kichwa kikiwa chini kwa vidole vitatu, usingizi ambao sijapata kuulala tangu nioe. Kile alichokitaka kwa miaka ishirini na miwili nilikipata mimi, kizima, na sikulazimika kugawana na mtu.

Asubuhi alikuja na chai. Alikuwa amelala chumba kimoja na shangazi zake watatu, na mlango uligongwa mara nne. Aliniuliza nililalaje. Nilisema vibaya. Ulikuwa uongo wangu wa pili kwake katika safari ile, na ndio pekee uliomfurahisha.

Hema sasa liko juu ya kabati, limekunjwa. Hataki kuliuza wala kuliazimisha. Mtu akigonga usiku, mke wangu hulitazama kwanza, ndipo ananitazama mimi, ndipo mmoja wetu anakwenda kufungua.

Chumba katika nyumba ya wageni hatukukilipia. Tuliokoa faranga elfu arobaini.