Sufuria Moja ya Shule Mbili

Jamani, mwenye bahati Homa Bay nzima ni mimi! Shule ya Wasabato na yetu ya Wakatoliki zimeunganishwa, jiko limebaki moja, na mpishi mkuu ni nani? Mimi!

Sasa sikieni ya leo.

Afisa wa elimu alikuja kuonja, achague mmoja kati yangu na Mama Akinyi, mpishi wa Wasabato.

Mimi niliyewapikia wazungu Kisumu, ningeogopa nini! Nikapika mumi, yule samaki wa ndevu ndefu, mafuta yakielea juu.

Watoto wetu wakashangilia.

Wa Wasabato wakasukuma sahani kando.

"Mbona hawa hawali?" afisa akauliza.

Nikamgeukia Mama Akinyi.

Akaninong'oneza, "Omera, ndugu yangu, mumi hana magamba. Dini yetu imemkataza. Kwani hukuuliza?"

Kuuliza? Mimi?

Akafunua sufuria yake ya ngege, samaki mwenye magamba. Wakala wote, wetu na wao. Hata mimi nilimsaidia kugawa, na nikalamba vidole.

Sasa niambieni, mama watoto nitamwambiaje?

Maana pale juu nimewadanganya. Mpishi mkuu ni Mama Akinyi. Mimi sina kazi.