Miguu ya Mtoto wa Mushumbusi

Je, wewe ungekunywa pombe iliyokanyagwa na mtoto wa mtu aliyenyongwa kwa kuwatilia wenzake sumu? Usijibu upesi. Watu wa Kagondo hawakujibu kabisa. Walishikwa na maumivu ya meno tu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa tangu Mutalemwa alipofika kwa mjomba wake Bartholomayo, akitokea Muleba na kifurushi cha nguo. Mgeni akiingia nyumba ya Mhaya hupewa kwanza kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, na kwa Bartholomayo kazi ya kuzungusha kikapu ilikuwa ya Mutalemwa. Basi kikapu kikianza kuzunguka, na meno yalianza kuuma. Mmoja alishika shavu la kulia, mwingine la kushoto. Watu walioshinda wakitafuna miwa waligeuka vibogoyo mara kilipowafikia.

"Pole, mzee," Mutalemwa alisema kwa heshima zote. "Wiki iliyopita lilikuwa la kushoto. Naona limehama."

Wageni wakishaondoka, mjomba wake alimkanya. "Usiwachokoze watu wazima."

"Siwachokozi, mjomba. Nawahurumia. Kijiji kizima hakina meno, na ndizi za kuchoma ndiyo kwanza zimeiva."

Alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, mrefu kama mgomba uliokosa jua, mwenye uso wa kujifanya haelewi. Aliuvaa uso huo kila siku. Angeuvua, angelia mbele za watu, na hilo hakutaka kuwapa.

Baba yake, Mushumbusi, alikuwa mkanyagaji wa pombe aliyesifiwa Muleba nzima. Alishindwa kesi ya shamba la migomba barazani kwa chifu, kisha akawaalika walioshuhudia dhidi yake, mdogo wake mwenyewe akiwemo, waje wapatane kwa kibuyu. Alionja mbele yao kama desturi inavyotaka, akageuka kama anayekohoa, akaitema. Wao walikunywa jioni. Asubuhi watu watatu hawakuamka. Jaji wa Kiingereza alikuja Bukoba, akasikiliza kupitia mkalimani, akahukumu, na Mushumbusi akanyongwa. Serikali iliona kazi imekwisha. Kumbe ilibaki hukumu moja, nayo watu wetu waliitoa wenyewe, bila jaji wala mkalimani, juu ya mtoto ambaye jioni ile alikuwa akikariri hesabu za shule. Nao ndio hao wanaosimama mikutanoni kusema wamechoka kuhukumiwa na watu wasiowajua.

Sasa, Datius mtoto wa Bartholomayo alikuwa akimposa Felicitas, binti wa mzee Rweyemamu wa Kahororo. Lililobaki ni pombe. Upande wa mume hupeleka lubisi, yaani pombe ya ndizi, kwa wakwe, wazee wa huko hunywa, na baba wa binti hutoa jibu. Ndizi zilikuwa zimeivishwa shimoni, tamu, zimelegea, haziwezi kungoja hata siku moja. Na asubuhi hiyohiyo habari ikaja kwamba Aroni, mkanyagaji wa siku zote, amejikata mguu kwa jembe.

Bartholomayo alikuwa na goti bovu. Datius alikuwa karani wa ghala la kahawa mjini, mwenye nyayo laini kama za mtoto mchanga. Hata hivyo alikunja suruali, akaosha miguu, akaingia katika ule mtumbwi wa mti wa kukanyagia. Hatua ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ilimkalisha katikati ya ndizi zilizomenywa, nazo zikampokea mpaka kiunoni.

"Datius," Mutalemwa alisema, "pombe hukanyagwa kwa miguu. Huko unakotumia wewe, wakwe hawatapenda wakisikia."

Mama wa nyumba alicheka mpaka akaangusha nyasi za kukanyagia. Bartholomayo hakucheka. Alimgeukia mpwa wake.

"Wewe unaweza?"

Mutalemwa aliacha utani. "Naweza."

"Nani alikufundisha?"

Wote wawili walijua.

"Haya," alisema Bartholomayo. "Kanyaga. Lakini hukukanyaga wewe. Aliyekanyaga ni Aroni. Umenisikia?"

"Nimesikia, mjomba. Miguu yangu, jina la Aroni."

Aliosha miguu mara mbili, ingawa mara moja ingetosha, akaingia. Alikanyaga kwa kisigino kwanza, akazikunja nyasi ndani kwa vidole, akageuka, akarudi, bila kuteleza na bila haraka, mpaka maji ya ndizi yakaanza kutoka na povu jeupe. Baba yake alikuwa akimwimbia mwendo ule alipokuwa mdogo. Hakuwa amekanyaga tangu Muleba. Alishangaa kuona miguu haikusahau, na kwamba ilikuwa na furaha, na furaha ile ilimtisha. Ingewezekana mtu arithi miguu tu, na mengine asirithi? Hakuwa na wa kumwuliza. Aliyemjua baba yake kuliko watu wote alikuwa yeye Mutalemwa, na hata yeye hakumjua.

Walichuja, wakanyunyizia mtama uliokaangwa, wakaufunika mtumbwi kwa majani ya migomba. Lubisi ilipokomaa waliibeba hadi Kahororo, vibuyu vikubwa kichwani. Mutalemwa alikuwa wa mwisho katika msafara.

Wazee wa Kahororo walikaa kwa duara uani. Bartholomayo alionja, akameza mbele ya macho yao, mirija ikagawiwa. Mzee Rweyemamu alivuta mara moja, akalamba midomo. Akavuta tena. Baba yake, mzee Rugaibula, aliyekuwa ameshaagwa na jamaa zake mara kadhaa na kila mara akakataa kufa, aliomba kibuyu kisogezwe karibu ili asipoteze nguvu kwa kuinama. Jirani yao Clavery, mtu mnene mwenye sauti, alikunywa bila kuvuta pumzi.

"Bartholomayo," alisema Rweyemamu, "nani amekanyaga hii?"

"Aroni, waitu," Bartholomayo alijibu kwa heshima ya Kihaya.

"Pombe ya Aroni naijua. Ina ladha ya mtu aliyegombana na mkewe. Hii siyo."

"Na Aroni nilimwona juzi," Clavery aliongeza, mrija ukiwa mdomoni. "Mguu umefungwa matambara, anarukaruka kama kunguru. Alikanyaga kwa mguu gani?"

Wazee walicheka. Bartholomayo alifungua mdomo kutafuta uongo wa pili, na jasho likamtoka. Mutalemwa, aliyekuwa amesimama kando ya vibuyu, aliona jinsi mambo yatakavyokwenda: uongo wa pili utazaa wa tatu, mzee atakasirika, na Datius atarudi kwao bila mke kwa sababu ya miguu isiyo yake.

"Nimekanyaga mimi, waitu," alisema. "Mutalemwa wa Mushumbusi. Wa Muleba."

Hakuna aliyeuliza Mushumbusi yupi. Mirija ilitoka midomoni yote pamoja. Clavery aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, wakamsikia akijitahidi kurudisha alichokunywa. Alirudi macho mekundu, hakufanikiwa.

"Haitoki," alisema kwa unyonge. "Imenipenda."

Rweyemamu hakumwangalia. "Baba yako ndiye alikufundisha kukanyaga?"

"Ndiyo, waitu."

"Alikufundisha na yale mengine?"

"Hayo hakunifundisha. Na mimi ningalikuwa na akili ningalimwuliza kwa nini alifanya vile. Sikuwahi."

Mzee alikaa akiutazama mrija. Datius alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesubiri kofi.

"Watu wa Muleba walikunywa jioni," Rweyemamu alisema mwishowe, "asubuhi hawakuamka. Basi jibu langu nitalitoa asubuhi. Nikiamka, mtalisikia. Nisipoamka, mtakuwa mmeshalipata. Hakuna atakayerudi Kagondo leo, mtalala hapa."

"Na hii iliyobaki?" aliuliza mzee Rugaibula, akiwa bado amekishika kibuyu.

"Baba, hujasikia kijana ni nani?"

"Nimesikia. Nimeshakunywa nusu ya kibuyu. Kama ni kufa, nimekwisha kufa, niache nifaidi." Akamgeukia Mutalemwa. "Leta mrija wako, kijana. Kaa hapa."

Mutalemwa alikaa. Walikunywa wawili, mzee na mtoto, wengine wakiwatazama kama watu wanaotazama nyumba inayoungua. Tangu aondoke Muleba hakuna mtu asiye wa nyumba ya mjomba wake aliyewahi kula wala kunywa naye. Aliinamia kibuyu zaidi ya ilivyolazimu, ili uso wake usionekane.

Lakini walipopewa mkeka wa kulala, ndipo akili ilipomrudia. Rugaibula alikuwa mzee sana. Alikuwa akikohoa tangu mchana. Wazee wa namna hiyo hufa wakati wowote, kwa sababu yoyote, na wengine bila sababu. Akifa usiku huu kwa uzee wake mwenyewe, ni nani duniani atakayesema ni uzee? Jaji yuleyule angekuja, na mkalimani yuleyule.

"Mjomba," alinong'ona. "Hicho kikohozi unakisikia?"

"Nakisikia."

"Kikinyamaza uniamshe."

"Kwani umelala?"

Hakulala. Alimwombea mzee Rugaibula afya kuliko wajukuu zake wote walivyowahi kumwombea. Mara kikohozi kilinyamaza, nao moyo wake ukanyamaza nacho, kisha kikarudi, kikali na kizuri, na yeye akashukuru gizani.

Kulipopambazuka alitoka nje kabla ya mtu mwingine yeyote, akasimama kwenye njia katikati ya migomba yenye umande. Alichokiona asubuhi ile ndicho anachosimulia hadi leo.

Wazee wa Kahororo walikuwa wakitoka majumbani mwao mmoja mmoja, kila mmoja akielekea kwa mwenzake kuhakikisha kama amekufa. Wakakutana njiani.

"Umeamka?"

"Nimeamka. Na wewe umeamka?"

"Naona nimeamka."

"Na fulani?"

"Nimepita kwake. Anakoroma vibaya sana, lakini anakoroma."

Walishikana mikono kwa muda mrefu, wakaangaliana weupe wa macho, kisha wakaona aibu. Mzee Rugaibula alitoka akiwa amejitanda blanketi, akaulizia kama kuna iliyobaki. Nyuma yake akaja Rweyemamu, akifuatana na Bartholomayo. Alikuwa akifungua kinywa amwambie Bartholomayo neno pale kelele zilipoanza upande wa pili wa njia, kwa Clavery.

Mlango wa Clavery ulikuwa wazi. Likatoka koti lake, likaangukia kwenye matope. Ukafuata mkeka, kisha kiatu kimoja, na mwishowe Clavery mwenyewe, akirudi kinyumenyume, mikono juu, huku mkewe Immakulata akimfuata na mwiko wa ugali.

"Kumbe una mwanamke huko mjini Hamugembe," Immakulata alikuwa akisema. "Na mtoto unaye."

"Mke wangu, nilidhani nakufa. Mtu akifa husema yote."

"Basi kafe. Kwa nini uko hai?"

Clavery aliwaona wazee wamesimama wote njiani. Akamwona na Mutalemwa. Akamnyooshea kidole.

Rweyemamu alianza kucheka taratibu, mabegani kwanza, mpaka akamshika Mutalemwa bega asianguke. Hakuliachia alipomaliza. Akamgeukia Bartholomayo, machozi yakimtoka.

"Binti ni wenu," alisema. "Nami siku ya harusi nitapika pombe ya upande wangu. Aroni asije. Mniachie huyu."

Kiatu cha pili cha Clavery kikatoka mlangoni.