Nyama ya Mpishi wa Misiba

Mpishi wa misiba wa kanisa letu hapa Iowa hukata karoti nene kama vidole vyake, huzilaza chini ya nyama ya ng'ombe na viazi kwenye chungu cha umeme, na hafunui kifuniko mpaka masaa manane yaishe. Ndiyo maana huanza kupika mgonjwa angali hai, na hajawahi kukosea siku. Jumanne alibisha hodi kwa Verla, chungu kikifuka mvuke mkononi.

"Mume wangu bado anapumua, dada."

"Najua, mpenzi. Nionyeshe tu pa kuchomeka waya wa chungu."

Verla aliziba mlango kwa mwili wake. Kutoka chumbani mumewe akauliza kwa sauti nyembamba, "Nani anapika?"

"Hakuna mtu, mzee wangu," alijibu, na harufu ya nyama ikampita begani ikaingia ndani.