Niliuziwa pikapu mbovu Masasi, nikaambiwa ukweli wote, nikacheka

Wakuu, habari za humu.

Wewe unayetaka kununua gari la mkononi, vuta kiti unisikilize kidogo. Haya yalinikuta mwenyewe. Sitaongeza chumvi, maana shemeji yangu Issa naye yumo humu jukwaani, na anasubiri nikosee tu anisahihishe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara na wanunuzi binafsi wa korosho wakaanza kupanda kwetu Newala, juu mlimani. Ghafla kila mwenye gari alikuwa tajiri. Mimi nilikuwa na mikorosho, baiskeli na tamaa.

Mke wangu, Mama Tatu, alikubali tuuze kiwanja chetu cha mjini tununue pikapu ya kubebea korosho. Alikubali kwa shingo upande. Kiwanja kile kilikuwa cha kujenga nyumba yetu. Kwa hiyo mjue kilichokuwa mezani: gari likifa, na nyumba imekufa.

Nikateremka Masasi na shemeji Issa. Muuzaji tulimfahamu kwa jina la Baba Salma, Myao, mtu mcheshi sana. Sasa kwa wasiojua, kwetu huko sisi Wamakonde na Wayao ni watani. Mtani anaweza kukwambia lolote na hukasiriki. Hata msibani anaweza kulala pembeni ya marehemu akidai deni la tumbaku, na wafiwa wakacheka.

Nikakagua gari kitaalamu. Yaani nilipiga teke tairi zote nne, nikawasha redio, nikafungua boneti nikatikisa kichwa kama daktari. Sikujua nilichokuwa natazama.

Tukalijaribu kwenye barabara ya Nanganga, asubuhi na ubaridi wake, tambarare, bila mzigo. Likaenda kama limepakwa mafuta.

Tuliporudi nikamuuliza mbele ya watu, gari zima hili?

Baba Salma akajibu bila kupepesa macho: "Bovu. Linakunywa maji kuliko ng'ombe. Ukilipandisha huko kwenu Newala, mtakufa kiu nyie, gari libaki."

Watu wakacheka. Nami nikamjibu: "Wewe na ukweli mlikutana wapi? Lete funguo."

Wakacheka zaidi. Nikalipa.

Tukapakia saruji na mchele, tukaondoka. Katikati ya mlima wa kupandia Newala, mshale wa joto ukaenda mwisho na moshi ukatoka mbele. Tukasimama. Maji hatukuwa nayo.

Akapita mama mmoja ametoka bondeni na ndoo kichwani. Mnaojua Newala ya wakati ule mnajua ndoo ile ilimgharimu nini: kushuka mteremko alfajiri na kuupanda tena. Nikamwamkia shikamoo, ingawa nadhani nilimzidi umri, nikaomba maji ya kulinywesha gari. Akatupa nusu ndoo. Akasimama akatazama yanavyoingia kwenye rejeta, kisha akauliza kwa upole kabisa yanakwenda wapi. Nikafunga kifuniko, tukaendelea polepole hadi Newala.

Fundi wa Newala alifungua akanionyesha. Gasketi imeungua, na silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ina ufa wa siku nyingi; maji yanapotelea humo. Hedi nyingine haikupatikana Mtwara wala Lindi.

Hapa nilifanya kosa ambalo huwa nalisema kwa sauti ya chini. Badala ya kulirudisha gari siku ileile, nililitumia. Msimu ulikuwa umeanza, nikaona aibu watu wajue. Wiki nne nzima nabeba korosho za watu huku madebe ya maji yamejaa nyuma.

Mama Tatu alivumilia mpaka alipokuta nimechota kwenye tangi letu la maji ya mvua. Akaniambia: "Baba Tatu, nina watoto wanne wa kuwanywesha. Huyu wa tano anamaliza debe zima na hajui kusema asante."

Ndipo nikateremka kudai haki yangu. Baba Salma akanikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema tu kwamba alinieleza. Nikapandwa na hasira, nikaenda mahakamani.

Hakimu alikuwa mama mtulivu. Nikaeleza kwa ufasaha sana jinsi nilivyotapeliwa. Akamwita shahidi wangu, yaani Issa. Shahidi wangu mwenyewe, wakuu.

"Ulimsikia muuzaji akisema gari ni bovu na linakunywa maji?"

"Nilisikia, mheshimiwa."

"Ukafanya nini?"

"Nilicheka, mheshimiwa."

"Na mdai?"

"Yeye ndiye aliyecheka kutuzidi wote."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Karani akainamia makaratasi yake, mabega yanatikisika.

Nikajitetea kwamba ule ulikuwa utani wa kabila. Hakimu akasema anauheshimu utani, naye ana watani wake, lakini mahakama haina mizani ya kupimia kicheko. Ubovu ulitajwa kabla ya malipo. Tena nimelitumia gari wiki nne bila kumwarifu muuzaji. Nikashindwa.

Sasa niwaeleze taratibu nilivyoelewa, na wanasheria wa humu wanirekebishe. Ukinunua kwa mtu binafsi, jukumu kubwa la kukagua ni lako. Lakini muuzaji akikudanganya kwamba gari ni zima na wewe ukanunua kwa kumwamini, una pa kushika: unaweza kudai mkataba uvunjwe au ulipwe fidia. Ukinunua kwa mfanyabiashara wa magari, kinga yako huwa kubwa zaidi, hasa ukimwambia mapema kazi utakayolifanyia. Mimi ningenunua kwa mfanyabiashara nikamwambia "nataka la kupanda Newala na mzigo", labda hadithi ingekuwa nyingine. Na ukigundua ubovu, usiendelee kulitumia. Mwarifu muuzaji mara moja, maana ukikaa nalo ni kama umelikubali.

Lakini ubovu uliotajiwa ukaupokea, huo ni mali yako.

Nilirudi Newala nikiwa nimeamua kumuuzia mtu mwingine gari vilevile, kimya kimya. Mama Tatu akakataa. Akaniletea daftari la mtoto akaniambia niandike kila kitu. Nikaandika ubovu wote, ukurasa ukajaa. Nikajua hakuna atakayenunua.

Alinunua fundi mmoja wa Nanganga. Alisoma ukurasa wote, akaniuliza maswali mawili, akaweka sahihi. Bei ilikuwa chini, kiwanja hakikurudi, na tulikaa nyumba ya kupanga miaka sita zaidi. Ila fundi yule tukikutana tunasalimiana vizuri, na mimi huwa siangalii pembeni.

Wakuu, kama umewahi kuuziwa gari bovu, tuambie hapa ulifanyaje. Usione haya, huwezi kunifikia mimi.

Na wewe unayekwenda kununua wiki hii: nenda na fundi wako, lipandishe gari mlimani likiwa na mzigo, na kabla hujatoa fedha mwambie muuzaji aandike hali ya gari kwenye karatasi. Msaini wote wawili mbele ya shahidi, kisha nakala moja ubaki nayo wewe.